Nimepiga kura Marekani kwa mara ya kwanza, nusu ya karatasi sikujua najaza nini

mwanaTanga_baridini (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu nikawa naahirisha kwa sababu ya shifti za usiku, leo sina kazi ngoja niushushe wote, ni mrefu kidogo mnivumilie.

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia magrupu ya WhatsApp yanajaa zile klipu, jamaa kashika maiki yuko mtaani anamuuliza mzungu makamu wa rais ni nani, mzungu anatoa macho, sisi tunacheka mpaka machozi, alafu lazima atokee mmoja aseme "ndo hawa wanaotufundisha demokrasia". Hata mi nilikuwa nacheka hivo hivo. Mpaka Novemba 5, 2024 niliposimama mwenyewe kwenye kituturi huku Minnesota na kalamu mkononi.

Uraia nimepata juzi juzi tu. Wakati wangu ule mtihani wa uraia unapewa maswali 100 ukakariri nyumbani, afisa anakuuliza 10, ukipata 6 umepita (wameukaza sasa hivi, walioomba kuanzia Oktoba 2025 wanakariri 128, wanaulizwa mpaka 20, wapate 12). Nilikariri kazini usiku wazee wakishalala. Maseneta 100, wabunge 435, Mahakama ya Juu majaji 9, aliyeandika Tangazo la Uhuru Thomas Jefferson. Zile sita za mwanzo nilipata zote, afisa akaishia hapo hapo. Nikatoka najiona profesa, maana kuna utafiti wa 2018 ulionyesha ni kama Mmarekani mmoja tu kati ya watatu ndo angeupita mtihani huo wetu.

Sasa njoo kwenye karatasi ya kura. Rais, nikajaza fasta. Seneta, fasta. Mbunge wa kwenda Washington, fasta. Mbunge wa bunge la jimbo hapo nikasita kidogo, sura simjui jina silijui, ila chini ya jina chama kimeandikwa, nikajaza. Alafu vyama vikaisha. Kuanzia hapo ni majina matupu. Bodi ya shule. Wasimamizi wa uhifadhi wa udongo na maji, wallahi kuna watu huku wanapigiwa kura kusimamia udongo. Nageuza nyuma nakutana na majaji, foleni ya majaji, wengi hawana hata mpinzani, na yule ambaye tayari yuko kwenye kiti wanakuandikia kabisa kwamba huyu ndo aliyepo. Mtu kachoka, nyuma watu wanasubiri, we unadhani unamchagua nani? Nilimchagua aliyepo. Wote. Kama kuna mla rushwa mle mimi ni mmojawapo wa waliomrudisha.

Na kulikuwa na swali la katiba ya jimbo, kama sehemu ya hela za bahati nasibu ziendelee kwenda kwenye mfuko wa mazingira. Sikulielewa vizuri nikaona niliache wazi, niwaachie wenyewe wanaojua. Kumbe Minnesota kwenye swali la katiba ukiacha wazi inahesabika sawa na umesema hapana! Nimekuja kuambiwa wiki inayofuata na mama mmoja kazini. Ilipita tena kwa mbali sana, kwa hiyo roho yangu imetulia, ila niliona aibu. Mtu niliyejua Jefferson kaandika nini sikujua kalamu yangu imeandika nini.

Hoja yangu ndo hii sasa: tunawacheka kwa kitu sicho. Kwenye urais hata asiyejua kitu anajua, kwa sababu kuna herufi moja ya chama, D ya Demokrati au R ya Ripablikani, inamfanyia kazi yote. Ujinga unaouma uko kule chini ya karatasi ambako hiyo herufi haipo, na kule hakuna anayeenda na kamera. Nawasilisha.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu umeandika vizuri ila unawatetea bure. Mwaka 2016 kituo cha Annenberg cha kule Pennsylvania kiliuliza watu wataje mihimili mitatu ya serikali yao, waliotaja yote ni asilimia 26 TU. Robo! Bunge, rais, mahakama, mtoto wa darasa la tano hapa Bongo anakutajia akiwa anaruka kamba. Na hao ndo wanashika kitufe cha nyuklia.

mwanaTanga_baridini

Kijiwe hao hao Annenberg waliuliza tena 2024 wakapata asilimia 65. Sasa niambie, kati ya 2016 na 2024 siasa za Marekani zimekuwa na akili zaidi? Zimepoa? Wamejua mihimili kwa sababu kila siku kwenye taarifa ya habari rais anagombana na mahakama au bunge linataka kumng'oa rais, ndo hivo wakajifunza, kama sisi tulivyojua jina la kila mshipa wa goti siku mchezaji wetu alipoumia. Kutaja mihimili hakukusaidii ukikutana na jina la jaji usiyemjua.

msee_wa_Eldi

Mimi pia niko hapa Minnesota, Mkenya, na ninakubaliana na mwenye uzi lakini hiyo herufi ya chama unaisifu sana bana. Wacha niwape story. 2020 nilikuwa naishi huku kusini ya Minneapolis, ile sehemu ya mbunge Angie Craig wa Demokrati. Kulikuwa na mgombea wa tatu wa chama cha kuhalalisha bangi. Huyo jamaa akafariki Septemba, karatasi zishachapishwa na watu wengine washaanza kupiga kura mapema. Kukaingia maneno ya korti kama uchaguzi usongeshwe mpaka Februari, korti ikakataa, tukapiga Novemba tu kama kawaida. Marehemu akapata kura zaidi ya 24,000! Craig mwenyewe alishinda na tofauti haifiki hata 10,000.

Na si hayo tu, gazeti la Star Tribune likaandika baadaye kwamba marehemu aliachia rafiki yake ujumbe kwa simu akisema watu wa Ripablikani ndio walimwomba asimame ili avute kura za Craig. Kwa hivyo hiyo herufi, ama jina la chama, inaweza pia kuwa mtego. Mtu anaona neno bangi anasema hii ni yetu, anajaza.

Kijiwe_Nongwa

24,000 wamempigia MAREHEMU alafu mnaniambia niwaheshimu 😂😂😂

msee_wa_Eldi

Si wote walikuwa hawajui buda. Wengine walijua wakasema heri marehemu kuliko hao wawili.

Mkongo_wa_Louisville

Salamu ndugu zangu. Mimi niko Kentucky, huku Wakongomani tuko wengi sana. Kwetu huku hata hautasumbuka na majina, juu kabisa ya karatasi kuna sehemu ya kujaza chama, ukijaza hapo mara moja basi wagombea wote wa hicho chama wamepata kura yako, unarudi nyumbani. Imebaki majimbo machache yenye hiyo kitu, sisi, Indiana, Alabama, Michigan, Oklahoma na South Carolina. Texas waliitoa, 2020 ndo uchaguzi mkuu wa kwanza bila hiyo. Lakini majaji na bodi ya shule haiwagusi, hapo ni lazima ushuke mwenyewe, na watu wengi hawashuki.

Lakini kitu kinaniumiza mimi si majaji. Ni ile ya misaada. Miaka na miaka shirika la utafiti la KFF likiuliza Wamarekani eti bajeti ya serikali kuu inaenda kiasi gani kwa misaada ya nje, wastani wa majibu unakuwa robo nzima ao zaidi. Ukweli ni kama asilimia 1. Moja! Sasa mtu akiamini robo ya kodi yake inaenda Afrika, siku USAID inafungwa mwaka 2025 atalia? Atapiga makofi. Mama yangu mdogo yuko Bukavu, yeye hajui Annenberg, ila anajua dawa zilikuwa zinatoka wapi. Huku kazini jamaa yangu mmoja, mtu mwema kabisa, ameniletea chakula nilipofiwa, ananiambia sasa hela itabaki nyumbani. Nikamuuliza ilikuwa ngapi? Akasema, wewe ndugu, si nusu? Sikuwa na nguvu ya kubishana.

mwanaTanga_baridini

Mkongo pole sana aisee. Hapo umenigusa na umenirekebisha, maana hapo si chini ya karatasi tena, hapo ni juu kabisa.

Dokta_Mchokozi

Nimesoma kimya kimya nikaona niingie. Siasa ya Marekani ndo nilisomea, ingawa sasa hivi nauza vipuri vya bodaboda.

Kuna mchumi anaitwa Anthony Downs, mwaka 1957 alisema jambo ambalo bado linawasumbua. Kura yako moja kati ya mamilioni nafasi ya kuamua mshindi ni kama hamna. Sasa ukeshe unasoma sera za ushuru wa forodha ili iweje? Muda huo huo ukiutumia kuchagua gari la mtumba unafaidika wewe mwenyewe moja kwa moja. Kwa hiyo kutojua siasa si uzembe, ni hesabu. Na Mmarekani ana hesabu ngumu kuliko wewe, nchi nzima ina viti vya kuchaguliwa zaidi ya 500,000, kuanzia rais mpaka mchunguza maiti wa kaunti. California 2016 walipigia kura maswali ya sheria 17 kwa siku moja, kitabu cha maelezo alichotumiwa mpiga kura kilikuwa na kurasa 224. Nani anasoma? Kijiwe wewe hata masharti ya kukopa kwenye simu hujawahi kusoma.

Ila watu wana akili ya njia ya mkato. California hiyo hiyo mwaka 1988 kulikuwa na maswali matano kwa mpigo yote kuhusu bima, lugha ya wanasheria tupu, makampuni ya bima yamemwaga zaidi ya dola milioni 60 kuchanganya watu. Msomi mmoja, Arthur Lupia, akaenda kuwapima wapiga kura. Wapo waliosoma wakaelewa, wapo ambao hawakuelewa sheria hata moja ila walijua kitu kimoja tu, makampuni ya bima yanataka lipi. Hao wa pili wakapiga kura karibu sawa sawa na walioelewa. Likapita moja tu, la 103, ambalo makampuni yalikuwa yanalipinga. Yaani hujui dawa imetengenezwaje ila unajua muuzaji mwenyewe hainywi.

Na kuna ile ya Gerald Ford, 1976, yuko San Antonio Texas anatafuta kura, kapewa tamale, chakula cha Wameksiko kinachopikwa kimefungwa kwenye ganda la hindi. Rais akaling'ata na ganda lake mbele ya kamera! Piga picha mgombea aje kwenu Tanga apewe ndizi aimung'unye na ganda. Utahitaji kusoma ilani yake? Umeshajua hajawahi kukaa na nyinyi. Texas ilimpiga chini mara mbili mwaka ule, kwenye mchujo kwa Reagan na Novemba kwa Carter, sisemi ni tamale tu, ila Wameksiko walielewa walichoona.

Kijiwe_Nongwa

Dokta kwenye mikopo ya simu umenikosea adabu. Endelea lakini.

mwanaTanga_baridini

Dokta asante, ila njia ya mkato inataka kuwe na kibao kwenye njia. Ndo maana mi nalia na kura za mchujo. Kule wote ni chama kimoja, herufi haina kazi, na watu hawaendi. Mchujo wa New York 2018 ambao Alexandria Ocasio-Cortez alimwangusha Joe Crowley, mkongwe wa Demokrati, kura zote hazikufika 30,000 kwenye eneo lenye watu kama 700,000. Sisemi alishinda vibaya, alitembea mlango kwa mlango yule dada. Nasema walioamua wangeingia kwenye uwanja wa mpira na viti vingebaki.

Na cheki South Carolina 2010. Mchujo wa Demokrati kumpata mgombea wa Seneti. Upande mmoja Vic Rawl, jaji wa zamani, aliwahi kuwa mbunge wa jimbo, ana hela na mabango. Upande wa pili kijana wa miaka 32 anaitwa Alvin Greene, hana kazi, hana tovuti, hana bango, hakufanya mkutano, kalipa ada ya kugombea dola 10,440 akarudi nyumbani kwa baba yake. Greene akapata asilimia 59! Kura zaidi ya 100,000! Nchi nzima ikapigwa na butwaa, wakatafuta mchawi hawakumpata. Maelezo yaliyobaki ni kwamba watu walikuwa hawamjui huyu wala huyu, na kwa mpangilio wa alfabeti Greene yuko juu ya Rawl. Novemba akapigwa vibaya na Jim DeMint.

Na haikuwa mara ya kwanza. Illinois 1986 wafuasi wawili wa Lyndon LaRouche, huyo bwana alikuwa anasema malkia wa Uingereza yumo kwenye biashara ya madawa ya kulevya, walipita mchujo wa Demokrati, mmoja kuwa mgombea mwenza wa gavana. Walioshindwa nao walikuwa wanaitwa Sangmeister na Pucinski, wao wanaitwa Fairchild na Hart. Wengi waliamini majina mepesi ndo yaliwabeba. Adlai Stevenson aliyekuwa anagombea ugavana akakataa kusimama nao, akatoka akaunda chama kingine na akashindwa.

Chumvi_ya_Bahari

Jamani na mimi dada yenu nichangie, niko New Jersey. Mbona mnamlaumu mpiga kura peke yake, mnamwacha aliyetakiwa kumwambia. George Santos, 2022, kachaguliwa mbunge kule Long Island, New York, kadanganya chuo, kadanganya kazi kwenye mabenki ya Goldman Sachs na Citigroup, yaani wasifu wote ni hadithi za sungura. New York Times wakaja kuyatoa Desemba, watu washapiga kura Novemba. Lakini kuna kigazeti cha hapo hapo kwao, North Shore Leader, kilishaanza kuuliza maswali kabla ya uchaguzi, nani alikisikia? Hakuna. Bunge lenyewe likaja kumfukuza Desemba 2023, kura 311 kwa 114.

Na vigazeti vyenyewe vinakufa. Tangu 2005 zaidi ya 3,000 vimefungwa nchi hii. Pale mtaani kwangu kilichokuwepo nilikitumia kufungia glasi nilipohama, sikujua ndo cha mwisho mwisho. Sasa hivi habari za bodi ya shule nazipata kwenye grupu la Facebook la mtaa, kati ya mtu aliyepoteza paka na mtu anayeuza kochi. We niambie hapo namjuaje mgombea?

Dokta_Mchokozi

Chumvi nakuongezea kachumbari. New Jersey yenu Julai 1916 papa, wale samaki wa baharini, waliua watu wanne. Wasomi wawili, Achen na Bartels, wakasema vijiji vya pwani vilimkasirikia Rais Woodrow Wilson kwa ajili ya papa, wakampunguzia kura Novemba ile. Imesimuliwa sana hiyo, eti watu wanaadhibu rais kwa papa. Alafu wakaja Fowler na Hall wakarudia hesabu wakasema mbona haisimami, ukipima kwa njia nyingine papa anatoweka. Nimeileta makusudi, maana hadithi za ujinga wa mpiga kura zinaenea bila kukaguliwa kama vile tunavyowasema wao hawakagui.

Kijiwe_Nongwa

Haya nakubali papa tuwaache. Ila Obamacare je? 2017 waliulizwa kama Obamacare na ile sheria ya bima ya afya yenye jina refu ni kitu kimoja (na kweli ni kitu kimoja), asilimia 35 ama walisema ni vitu tofauti ama hawajui. Unaweza kukuta mtu anataka kimoja kifutwe na kingine kibaki!

mwanaTanga_baridini

Hiyo kweli na sina utetezi. Ila angalia nani alikuwa amepotea. Neno Obama likiwa mbele mtu hasikii tena sheria, anasikia timu. Na hapa ndo nilitaka kufika, wale wanaofuatilia siasa usiku na mchana ndo wabishi kuliko wote. Nyumba ninayofanyia kazi nina wazee wawili, mmoja anashinda na Fox, tivii ya upande wa Ripablikani, mwingine na MSNBC ya upande wa Demokrati (siku hizi inaitwa MS NOW), wanajua kila kitu, mjumbe gani wa kamati gani kasema nini. Uchaguzi ulipopita mmoja uchumi ukapona wiki hiyo hiyo na mwingine uchumi ukaanza kuumwa, na bei ya mayai iko pale pale. Takwimu za Gallup zilionyesha hivo hivo 2016, ikulu ikibadili chama watu wanabadilishana miwani. Yule bibi asiyewasha tivii kabisa ndo aliniambia mayai hayajashuka.

Sijui nieleze vipi. Mjuzi anatumia ujuzi wake kutetea alichokiamua zamani, asiyejua anajaza kwa jina. Katikati hapo ndo uchaguzi unapita.

Mkongo_wa_Louisville

Yule bibi anapiga kura?

mwanaTanga_baridini

Anapiga kwa posta. Alinionyesha yake. Rais kajaza, seneta kajaza, majaji kaacha wazi wote, anasema "simjui hata mmoja, kwa nini niwasumbue".

msee_wa_Eldi

Huyo ndiye mwerevu wa uzi huu. Sasa mwenye uzi, yule wa udongo ulimpigia nani?

mwanaTanga_baridini

Wa juu 😂. Nimekuja kumtafuta mwaka huu kwa aibu. Kumbe jimbo lina karatasi ya mfano mtandaoni, unaweka anwani yako unaona majina yote wiki kadhaa kabla, na sikujua. Na kumbe hizo bodi za udongo nyingi huku Minnesota kila mwaka baridi ikiisha zinauza miche ya miti kwa bei ya chini, watu wanapanda kuzuia upepo na theluji. Miaka yote niko hapa nanunua mti dukani kwa bei ya kuumiza.

Chumvi_ya_Bahari

Miche ya nini na nini? Wanasafirisha mpaka New Jersey?